Zidaka Rekodi: Harusi Iliyomeza Studio

Sehemu ya kumi na moja

"Ukiuvunda mlango huo, Baba, wavunda mlango wangu!"

Hapo ndipo tulipomwacha Bwana Hamdun juma lililopita, bega limeegemea mlango wa chumba cha ndani, jasho linamtiririka, na sauti ya bintiye Ruwaida, bibi harusi, inamjibu kutoka upande wa pili. Baadhi yenu mmeniandikia kunilaumu kwamba nilimkatiza mzee wa watu akiwa amekunja ngumi. Haya, ngumi ameikunjua. Tusonge mbele.

"Mlango wako tangu lini?" Hamdun akauliza.

"Tangu Ijumaa."

"Nani alokupa?"

"Wewe!"

Hamdun akageuka kumtazama Bi Alawiya, somo wa bibi harusi, aliyekuwa ameketi kitini hapo kizingitini na upepeo mkononi. Mama huyu ndiye aliyekabidhiwa fungate. Asiyehusika haingii, na bwana harusi hatoki mpaka siku zake zitimie.

"Asema kweli," Bi Alawiya akasema. "Ulinena mbele ya watu. Mimi nalikuwa yuu dirishani, nikasikia."

Kwa wasomaji mliodandia njiani, nitasema haraka haraka. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakimwoza binti humpa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Hamdun alikuwa na nyumba moja tu mtaani Mkomani. Siku ya nikahi furaha ikampanda, akasimama mbele ya mashahidi na kutangaza kwamba anampa Ruwaida nyumba na vyote vilivyomo. Mwenyewe alikuwa anafikiria vitanda na masinia. Alisahau kabisa kwamba chumba cha ndani kilikuwa na studio nzima ya kampuni yake ya santuri za jazi, yaani mashine ya kurekodi, maikrofoni, seti ya ngoma, na maboksi ya santuri hadi kwenye boriti. Bwana Bakr, mpiga tarumbeta, alikuwa amelala humo saa ile ile, na wapo Mkomani wanaoshikilia mpaka leo kwamba mzee huyo naye ni mali ya bibi harusi.

Msicheke. Nyinyi mkiwa na furaha hamsemi ovyo?

Kama hilo halikutosha, bwana harusi aliyefungiwa humo ndani, Shukri, ndiye mpiga ngoma wa kampuni. Na leo, baada ya sala ya alasiri, Bwana Bakr anapanda boti kwenda uwanja wa ndege wa Manda, kisha Makka. Ameapa kwamba akirudi Alhaji hatagusa tena tarumbeta maishani. Kwa hiyo ni leo au basi. Hamdun hana mpiga tarumbeta mwingine, hajawahi kuwa naye, na bila santuri hii ya mwisho kampuni aliyoilea kuliko wanawe inakufa kimya kimya.

"Shukri!" Hamdun akapaza sauti. "Mwanangu, toka upige wimbo mmoja tu, urudi kwa mkeo."

"Natamani, Ami," Shukri akajibu kwa sauti ya mtu anayetazamwa vibaya. "Lakini..."

"Akitia guu nje ya kizingiti hiki," Bi Alawiya akasema, "mui mzima utanena kwamba amemkimbia mke."

"Basi na tuingie sisi."

"Muingie wapi, Bwana Hamdun? Chumba cha maharusi?"

Hamdun akakaa chini sakafuni.

Kiwandani, yaani kwenye ule ua wa katikati ya nyumba, kulikuwa na msichana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyaya zimemzunguka pande zote. Huyu ni Nyaguthii, fundi wa sauti aliyeletwa kutoka Nairobi kwa ajili ya kazi hii. Tangu asubuhi alikuwa hajagusa hata kitufe kimoja cha mashine. Alikuwa amekula vitafunio vya watu watatu.

"Mzee Hamdun," akasema, "hebu nielewe pole pole. Hii kampuni sasa ni ya nani?"

"Yangu."

"Yangu!" sauti ikatoka ndani.

"Sawa. Na mimi naripoti kwa nani?"

Hamdun akamgeuzia mgongo, akauelekea mlango.

"Ruwaida, mwanangu," Hamdun akaanza upya, safari hii kwa upole uliomchosha. "Wataka nini?"

"Nataka chumba changu, Baba. Santuri zitoke, mashine itoke. Hapa patakuwa mahali pa kupaka hina na kupamba maharusi. Nimekua nikilala juu ya maboksi ya jazi. Wenzangu walikuwa na wanasesere, mimi nilikuwa na Ami Bakr akipuliza kwenye kitwa changu."

"Na ngoma zangu?" Shukri akauliza taratibu.

"Ngoma zako zina maguu, zitatoka nayo."

Sasa mtaniuliza, ni kampuni gani hii ya jazi iliyojificha Mkomani, katikati ya misikiti na nyumba za matumbawe, na sisi hatujaisikia? Nilieleza katika sehemu ya pili, ila najua mlikuwa mnasoma matokeo ya mpira.

Zidaka Rekodi ilizaliwa kwa kosa la shehena. Enzi hizo Hamdun alikuwa anauza kanda za kasida na tarabu. Akaagiza boksi kutoka Mombasa, likaja boksi la hoteli fulani, limejaa jazi tupu. Mtu mwenye akili angelirudisha. Hamdun alisikiliza kanda moja kabla ya kulirudisha, na mkewe anasema hakumpata tena kama alivyokuwa. Akazunguka visiwa vyote kutafuta mtu wa kupiga vile. Kijijini Mbwajumali akampata kijana aliyeachiwa tarumbeta na babake aliyekuwa mpigaji wa ngoma ya beni. Kijana huyo ndiye Bakr. Alikuwa hajawahi kusikia jazi, lakini alipuliza mara ya kwanza na Hamdun akamkumbatia na tarumbeta lake.

Walirekodi kwenye chumba cha ndani kwa sababu kuta zake zimejaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo, na sauti ikiingia humo haiwezi kurudi na mwangwi. Jina la kampuni likatoka hapo.

Lakini umaarufu wake ulitoka kwingine. Kila adhana ilipoita, wapigaji walinyamaza papo hapo, hata katikati ya pumzi, na Hamdun aliivua kofia yake akaifunika maikrofoni kwa adabu. Mashine hakuizima, maana ikizimwa ilikuwa haiwaki tena mpaka ipigwe kofi. Santuri zikatoka na vimya virefu katikati. Alidhani ameangamia. Kumbe mchambuzi mmoja wa huko Ulaya akaandika kurasa nne kusifu ujasiri wa vimya vya Lamu, na watu wa Oslo na Osaka wakaanza kuagiza. Kampuni moja kubwa ya bara ikamtuma mjumbe kuja kuinunua Zidaka, sharti lake moja tu, vimya vikatwe. Hamdun alimsindikiza mjumbe huyo hadi gatini, mjumbe viatu mkononi. Zidaka ikabaki huru mpaka leo.

Hapa Lamu kwenyewe ina wateja wachache sana, na nusu yao santuri huzifunikia mitungi.

Turudi kiwandani, maana Nyaguthii amesimama.

Alikuwa ameona kitu. Tangu asubuhi masinia ya chakula yalikuwa yanaingia chumba kile bila kizuizi. Shangazi huyu analeta biriani, jirani yule analeta mkate wa mayai, na Bi Alawiya anafungua mlango kidogo, anapitisha, anafunga. Maharusi wa fungate hulishwa mpaka waombe msamaha.

Akaenda jikoni. Baada ya muda akarudi na sinia kichwani, limefunikwa kawa la ukindu safi, na buibui la kuazima likiburuzika nyuma yake.

"Hodi," akasema. "Nimeleta biriani ya maharusi. Imetoka kwa... kwa shangazi."

"Shangazi gani?" Bi Alawiya akauliza.

"Wa upande wa... juu."

Bi Alawiya akasogea. Alinusa, akainua kawa. Katikati ya wali ilikuwa imesimama maikrofoni, kichwa nje, imezungukwa na vipande vya viazi.

Hamdun alifumba macho. Bi Alawiya akachukua kijiko, akala upande wa kulia wa maikrofoni, akatafuna bila haraka.

"Chumvi kidogo," akasema. "Wali utaingia. Hiki chenye waya kitabaki."

"Lakini mama, si mimi ni mwanamke?" Nyaguthii akalalamika. "Niache niingie niwashe tu mashine, nitoke. Dakika moja!"

"Binti yangu, wewe ni mgeni wetu na twakupenda. Lakini mgeni hatii guu chumba cha fungate, hata awe binti wa Sultani."

Basi. Hapo matumaini ya Zidaka Rekodi yalikuwa yamekwisha, na mimi mwenyewe ningeweza kufunga kalamu nikalale.

Ndipo Bwana Bakr akaingia.

Alikuwa amevaa kanzu mpya na koti, mkoba wa safari begani, tarumbeta kwapani. Mtu huyu ana mwili mdogo na masikio makubwa, na siku hiyo alikuwa na haraka, maana mwenda Makka hana budi kuwazungukia watu wote kuwataka radhi kabla hajaondoka. Alikuwa ametoka Mbwajumali alfajiri na tangu hapo hajakaa.

"Bi Alawiya," akasema, "nimekuya kukutaka radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuwaamsha wanao kila alasiri kwa tarumbeta."

"Hilo nimesamehe. Na lile la siku ya maulidi?"

"Nalo pia."

"Na mbuzi wangu alokimbia asirudi?"

"Mbuzi yule alikimbia kwa sababu ya tarumbeta?"

"Hukusikia ulivyokuwa ukipuliza?"

"Nakutaka radhi kwa mbuzi," Bakr akasema kwa unyenyekevu, na akasamehewa.

Hamdun akanyanyuka. "Na mimi je?"

"Wewe mwisho," Bakr akamwambia, akamshika bega. "Yetu ni mengi. Nitakutaka radhi gatini."

Kisha akaenda mlangoni, akachutama, akaweka mdomo karibu na upenyo wa mlango.

"Ruwaida, mwanangu."

"Ami Bakr."

Yaliyofuata hayakusikika. Mzee alinong'ona. Ruwaida naye akanong'ona. Mzee akanong'ona tena, kwa muda mrefu, na mara moja alitazama nyuma kumwangalia Hamdun, ambaye alikuwa anahangaika na nyaya na hakuona kitu. Bi Alawiya aliona. Alivuta upepeo wake akajipepea, akatazama juu.

Bakr akainuka, magoti yakalia.

"Baba!" Ruwaida akaita.

"Naam."

"Haya, rekodini."

Hamdun aliangusha waya. "Wasema?"

"Nimesema rekodini. Shukri atapiga akiwa humu humu, nyinyi huko huko nje. Waya wa maikrofoni upitisheni tini ya mlango. Mashine nitaiwasha mwenyewe. Nimeitazama ikiwashwa tangu nalipokuwa mdogo."

"Bi Alawiya..." Hamdun akaanza, akiwa hajaamini.

"Mwenye nyumba amenena," Bi Alawiya akasema. "Mimi ni mlinzi tu."

Hamdun alicheka peke yake, akamkumbatia Bakr, akamkumbatia Nyaguthii, akakaribia kumkumbatia Bi Alawiya, akakumbuka. Nyaguthii akaishusha maikrofoni kutoka kwenye wali, akaifuta kwa leso, akaisimamisha mbele ya Bakr. Waya ukapita chini ya mlango, ukavutwa upande wa pili na mkono uliojaa hina.

"Imeingia?" Nyaguthii akauliza.

"Imeingia."

"Taa nyekundu unaiona?"

Ule mkono wa hina ukarudi ndani polepole.

"Naiona," Ruwaida akasema.

Shukri akagonga fimbo zake mara nne huko ndani, na Bwana Bakr akaliinua tarumbeta.

Mimi si mtu wa jazi, niseme wazi. Kwangu jazi ni watu waliopotezana wanaotafutana gizani. Lakini mzee yule alipuliza siku hiyo kwa namna ambayo hata mimi ningeketi chini. Alianza chini, polepole, na ngoma za Shukri zikimfuata kutoka nyuma ya mbao, zimefifia, zinagonga kwa adabu. Kisha akapanda. Nje kwenye kichochoro msukuma mkokoteni alisimama na hakuendelea. Kwenye madirisha ya jirani mapazia yalianza kusogea. Upepeo wa Bi Alawiya ulishika mapigo bila mwenyewe kujua, na alipojua akaukalia.

Akawa amefika juu kabisa, mishipa imemsimama, na ndipo adhana ya alasiri ikaita.

Bakr akanyamaza katikati ya pumzi. Ngoma zikakata. Hamdun akaivua kofia yake, akaenda kwa hatua ndogo, akaifunika maikrofoni kama alivyofanya maisha yake yote. Hakuna aliyesogea. Muadhini akamaliza, wakaitikia, wakaomba dua, na Hamdun akaichukua kofia yake taratibu.

Bakr aliporudi hakurudi pale alipoachia. Alipiga kitu kingine, kifupi, cha chini, ambacho Hamdun hajawahi kukisikia katika miaka yote ile. Shukri hakugusa ngoma. Hamdun alilia waziwazi, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, na hakujificha.

Mzee akalishusha tarumbeta. Akalifuta mdomo wake kwa pindo la koti, akaliweka chini sakafuni, hakumpa mtu.

"Basi," akasema. "Tukasali."

Na akatoka.

Hamdun alisali nyuma yake, akarudi nyumbani mbio kuchukua utepe kabla ya kwenda gatini. Alitaka akauweke mikononi mwa Bakr, mwenyewe auone kwa macho yake kabla hajaondoka.

"Ruwaida! Nipitishie utepe, tafadhali, mwenye nyumba!" Alikuwa na raha kiasi cha kutania.

Akagonga mlango.

"Ruwaida?"

"Hakuna kitu, Baba."

"Hakuna kitu vipi?"

"Sikuiwasha."

Nyaguthii aliyekuwa anakunja nyaya akaacha. Bi Alawiya alitazama kucha zake.

"Mashine imekataa?" Hamdun akauliza. "Uliipiga kofi?"

"Mashine haina ila. Ami Bakr aliniomba nisiiwashe. Alisema atapiga, na akimaliza iwe imekwisha, isibaki. Nikamwahidi. Baba, alikuwa analia pale mlangoni, ningemwambiaje la?"

"Ungemwambia la!" Hamdun akafoka. "La! Neno fupi! Mimi nimekulea miaka yote kwa la, ungeshindwa kulitoa leo?"

"Ami, punguza," Shukri akasema.

"Wewe kula wali!"

Akaanguka kwenye kiti cha Bi Alawiya, na Bi Alawiya, ambaye hajawahi kumpisha mtu kiti hicho, akamwachia. Uso wa Hamdun ulikuwa umekwisha. Mtu aliyezoea kukosa vitu vidogo vidogo hana namna ya kukosa kikubwa, na huyu alikaa tu, akitazama tarumbeta lililolala sakafuni.

Nyaguthii akakohoa.

"Mzee," akasema. "Usiniue. Sisi watu wa studio hatuamini mashine moja. Ningekwambia mapema ungenifukuza."

Akatoa mfukoni kitu kidogo, cheusi, cha ukubwa wa kiberiti kikubwa.

"Karekoda kangu. Nilikaacha kakiwaka chini ya ndoo. Kila kitu kiko humo. Hata kile kimya."

Hamdun alikitazama kijirekoda kile. Kwa miaka mingi alikuwa akivicheka vitu vya namna hiyo. Akakipokea kwa mikono miwili, akakibusu, akakitia kwenye mfuko wa kanzu.

"Baba," Ruwaida akasema kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Baba, mimi nimempa mtu ahadi, naye anakwenda Makka."

"Wewe ndiwe uloahidi. Mimi sikuahidi kitu."

"Baba!"

Lakini Hamdun alikuwa ameshafika kichochoroni, ndara moja mguuni, nyingine imebaki kizingitini.

Gatini palikuwa pamejaa. Mahujaji walikuwa wanaagwa kwa kasida, vijana wanapiga matwari, akina mama wamesimama ukutani wanajifuta macho. Boti ya kwenda Manda ilikuwa imewasha mota, na Bwana Bakr alikuwa ameweka mguu mmoja ndani, mmoja bado gatini, akiangaza kwenye umati. Alipomwona Hamdun uso ukamfunguka.

"Nalidhani huyi!"

"Nimekuya."

Watu wakawapisha. Wazee hawa wawili kila mtu anawajua, na kila mtu alitaka kusikia, kwa hiyo hata matwari yakapungua.

"Hamdun, niwie radhi," Bakr akasema. "Nimekuvunda moyo. Nalimwambia Ruwaida asiiwashe mashine."

"Ameniambia."

"Naenda kutubu kwa Mola wangu. Nikifa huko sitaki tarumbeta langu libaki duniani likipiga, na mimi kaburini nikiulizwa. Zile za zamani siwezi kuzirudisha. Hii ya leo naliweza kuizuia."

"Ungeniambia mimi."

"Ungekubali?"

Hamdun akafikiri. "La."

"Basi ndiyo maana."

Akamshika mkono. Mkono wa Bakr ulikuwa wa baridi, na Hamdun alimpenda mtu huyu kuliko ndugu zake wa tumbo moja, hilo alilijua pale pale na likamuuma.

"Nimekusamehe," akasema. "Wallahi nimekusamehe, Bakr."

"Na wewe? Lolote ulonifanyia nisilolijua, linene sasa, nikusamehe, niende na moyo mweupe."

Wasomaji, pale ndipo pa kusema. Kitu kilikuwa mfukoni, mtu alikuwa mbele yake, na msamaha ulikuwa umeshaandaliwa mezani. Alichotakiwa ni kufungua mdomo tu.

"Sina," Hamdun akasema.

Na kwa kuwa alikuwa anaisema akiwa na mkono mfukoni, amekishika kijirekoda kwa nguvu zote asije akakipoteza, kidole gumba chake kikabonyeza mahali.

Tarumbeta likalia kutoka kwenye kanzu.

Lililia kwa sauti safi, kubwa kuliko umbo la kitu kile. Matwari yakasimama. Mzee mmoja nyuma, kwa mazoea, akasema "Mashallah," kisha akatazama huku na huku. Hamdun alijipiga mfuko, akajipiga tena, na kila akijipiga sauti ilipanda.

Bwana Bakr alisikiliza. Alisikiliza mpaka pale adhana ilipoingia, na kimya kilipokuja kutoka mfukoni mwa Hamdun, umati mzima gatini ulinyamaza nacho.

Kisha akautoa mguu wake ndani ya boti.

"Zima mota," akamwambia nahodha.

"Mzee, ndege..."

"Zima." Akanyosha mkono. "Hamdun, nipe."

"Ndege itakuata, Bakr."

"Itaniata. Nipe."

Hamdun akarudi nyuma hatua moja. "Hujui ulichokipiga. Wewe hukukisikia, ulikuwa ukipuliza. Mimi nalikisikia."

"Nipe, ndugu yangu."

"Nimekaa maisha yangu yote nikikungoja upige hivi." Akarudi hatua nyingine, machozi yanamtoka, mkono ungali mfukoni. "Yote ya nyuma nilikuwa nangoja hii. Nikikupa, mimi nibaki na nini?"

"Bwana Hamdun!" mtu akapiga kelele. "Nyuma yako!"

Hakusikia. Kimya cha adhana kilikuwa kimekwisha mfukoni mwake na kile kipande kifupi, cha chini, kilikuwa kinaanza. Akarudi hatua ya tatu, na pale hapakuwa na gati.

Alikwenda chini na kanzu yake, na tarumbeta likaenda naye likiwa bado linapiga.

Kabla mtu hajafungua mdomo, Bwana Bakr alimtupia nahodha mkoba wake, akavua miwani, akaruka na koti lake jipya. Waliosimama upande wa forodha walisema amemrukia rafiki yake. Waliosimama upande wa boti waliapa kwamba ameirukia mashine, aizamishe kwa mkono wake mwenyewe. Vijana wawili wakavua viatu lakini hawakujua waruke wapi, maana maji yalikuwa yamechafuka na hakuna kichwa kilichokuwa kinaonekana.

Kisha mkono mmoja ukatoka majini, wa mzee, umejaa mishipa, umekiinua kijirekoda juu kabisa. Kilikuwa bado kinapiga. Umati ukasogea ukingoni kutazama ni mkono wa nani, na pale pale, kando yake, ukatoka mkono wa pili, ukaukamata.